Uzoefu wangu: WhatsApp Business na Canva kwenye duka letu la kushona, Morogoro

Kwa duka dogo la kushona na kuuza nguo, WhatsApp Business, yaani WhatsApp ya wenye biashara, inalipa, na inalipa zaidi simu ikishikwa na fundi pamoja na muuzaji kuliko ikishikwa na mwenye duka. Nimeona maelezo mengi ya kufundisha vitufe vya kubonyeza, lakini suala la nani ndani ya duka akabidhiwe kazi hiyo halisemwi, na kwangu ndilo lililoleta tofauti. Tunauza nguo za vitenge na kushona sare za shule. Wateja wengi ni wa hapa hapa mjini, wengine wako Dodoma na Iringa na mizigo yao tunaipandisha basi.

Programu yenyewe ni ya bure, unachogharamia ni bando. Ilianza kutolewa mwaka 2018, na sehemu ya katalogi, yaani orodha ya bidhaa zako zenye picha na bei, ikaongezwa mwishoni mwa 2019. Kabla hujaweka hata picha moja, sajili laini ya duka. Isiwe namba ya mfanyakazi, kwa sababu akiondoka ataondoka na wateja, wala isiwe namba unayopigiwa na ndugu zako usiku. WhatsApp ya kawaida na hii ya biashara zinakaa kwenye simu moja bila shida, mradi kila moja iwe na namba yake. Akaunti ya duka unaweza pia kuiunganisha na vifaa vingine hadi 4, kwa hiyo simu yetu inakaa kwenye meza ya kukatia na kompyuta ya kaunta inasoma ujumbe ule ule. Weka na ile namba ya siri ya hatua mbili, inayozuia mtu mwingine kuisajili akaunti yako kwenye simu yake, uijue wewe.

Katalogi inabeba bidhaa hadi 500, na kila bidhaa hadi picha 10, pamoja na jina, bei, maelezo na namba ya bidhaa. Kwenye bei nina msimamo. Wauzaji wengi mtandaoni wanaandika "bei inbox", na mimi sikubaliani nao. Mteja anayeandika baada ya kuona bei ameshaanza kupiga hesabu. Asiyeiona anauliza, anajibiwa, ananyamaza, na binti wetu anayeuza mbele ameshapoteza muda ambao angempima mtu aliyesimama dukani. Kushona kuna ugumu wake, kwa sababu bei hutegemea kitambaa na mshono. Kwa hiyo tunaandika bei ya nguo kama ilivyo kwenye picha, halafu kwenye maelezo tunatenganisha kitambaa na ufundi, ili mwenye kitambaa chake ajue atalipa nini. Wanaopenda kupatana bado wanapatana, ila wanaanzia pale tulipoandika.

Picha za mwanzo alipiga binti, na zilikuwa nzuri za kuvutia macho. Fundi wetu mkubwa akaziangalia akasema, "Mama, anayejua nguo hatazami rangi kwanza. Anageuza ndani." Tangu hapo picha zetu zina mpangilio wake. Ya kwanza ni mbele. Ya pili ni mgongo, kwa karibu, pale maua ya kitenge yanapokutana kwenye mshono wa katikati, maana fundi asiyejali hukata kipande popote na maua yanapishana. Kisha nguo inageuzwa: inaonekana ovaloki (mshono unaofunga kingo zisichomoke nyuzi), bitana, na zipu ilivyotiwa. Kuna picha moja ambayo hakubali iachwe. Anashika mshono wa ubavuni kwa vidole gumba viwili, anauvuta kila upande, na binti anapiga wakati umevutwa, ili mteja aone kwamba nyuzi hazifunguki na mwanga haupenyi. Wa Dodoma hawawezi kuja kushika nguo, na picha ile inawajibu kabla hawajauliza.

Mwanga nao una ufundi wake. Kitenge kipya chenye nta kinang'aa, ukikipiga juani au kwa flashi kinarudisha mwanga na maua yanapotea. Chini ya taa ya tyubu usiku, bluu na zambarau zinageuka, mteja anapokea nguo anasema si ile. Tunapigia kivulini mlangoni, asubuhi, nguo ikiwa imening'inizwa mbele ya shuka jeupe, na lenzi inafutwa kwanza kwa kitambaa cha pamba kwa sababu simu inayokaa kwenye meza ya kukatia haikosi vumbi la nyuzi. Simu yetu si ya gharama. Ukifuata hayo, inatosha.

Maelezo chini ya picha anayasema fundi, binti anayaandika. Hatuandiki S, M, L peke yake. Tunaandika kifua, kiuno, hipsi na urefu kwa inchi, na tunaongeza nafasi iliyoachwa ndani ya mshono kama nguo inaweza kupanuliwa. Hilo la nafasi wateja wanalipenda sana, hasa wazazi wanaonunua sare.

Hapo ndipo programu hii ilipoanza kutufundisha kazi, jambo ambalo sikulinunulia bando. Ufundi cherehani hapa kwetu watu wengi huupata kwa kukaa pembeni ya fundi na kumtazama, na hata VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ambapo aliyejifunzia kazini anapimwa na kupewa cheti. Kasoro ya kujifunza hivyo ni kwamba mkono wa fundi hauwezi kurudishwa nyuma. Tukafungua kundi la duka, la wafanyakazi tu, na kila fundi anapofanya kitu ambacho mdogo wake hakijui, binti anarekodi mikono, dakika moja au mbili, jambo moja tu kwa video moja. Kugeuza kola ya shati ili ncha zitoke kali. Kutia zipu isiyoonekana. Kukata kitenge cha maua makubwa bila kula kitambaa. Fundi wetu mdogo aliishika kola kwa njia hiyo: video iko pembeni, kitambaa kiko chini ya mguu wa cherehani, anasimamisha, anashona kidogo, anaendelea. Mkubwa hakulazimika kuacha oda yake kumsimamia.

Na binti naye amejifunza nguo. Mteja akiuliza, "Kitachuja hiki?" hakimbilii tena nyuma kuuliza. Anajua kipi ni pamba tupu, kipi kimechanganywa, kipi kilowekwe peke yake mara ya kwanza. Wenye maduka wenzangu wakiniuliza kuhusu kuwapeleka watu semina ya masoko ya kidijitali, nawaambia waanze kwa kuwaweka fundi na muuzaji kwenye simu moja. Ujumbe unaweza kubandikwa juu ya kundi kwa siku 30 tu kwa mara moja, kwa hiyo video za muhimu tunazihifadhi pia kwenye kompyuta.

Canva tunaitumia kwa lebo za bei, mabango ya ofa na picha za stetasi. Ni programu ya Australia, ipo tangu 2013, na mmoja wa waanzilishi wake, Melanie Perkins, alipata wazo hilo akiwafundisha wanafunzi programu za usanifu na kuona zinavyowasumbua. Ukiitumia unaiona asili hiyo, kwa sababu mtu ambaye hajasomea usanifu anaweza kutoa kitu kisafi siku ile ile. Tunatumia ya bure. Tulichofanya ni kujiwekea mipaka: aina mbili za herufi, rangi tatu, nembo kona ile ile, na kiolezo kimoja cha bango. Binti ananakili kiolezo, anabadilisha picha na bei, basi. Bila mipaka hiyo kila bango lingekuja na sura yake na mteja asingetutambua. Kuondoa mandharinyuma ya picha kunahitaji toleo la kulipia, ila kwa shuka letu jeupe hatujaona haja.

Ukitaka kuchapisha, pakua PDF ya kuchapishia na uitume stesheneri kama waraka, usiitume kama picha, kwa sababu WhatsApp inabana picha na herufi ndogo zinapoteza makali. Ujue pia kwamba kioo kinatengeneza rangi kwa mwanga na printa inatumia wino, hivyo bluu kali ya kwenye simu inatoka imepoa kwenye karatasi. Stesheneri moja ilitutolea vipeperushi vya A5 vilivyofifia na ikadai pesa zote. Siku hizi tunaomba nakala moja ya majaribio, tunaishika mkononi, ndipo tunaruhusu.

Mambo ya kujua kabla hujaanza na WhatsApp Business. Mteja anaweza kujaza kikapu na kukutumia oda, lakini hapa kwetu malipo hayafanyiki ndani yake. Analipa kwa lipa namba. Usikubali picha ya muamala aliyokutumia, thibitisha kwenye ujumbe uliofika laini ya duka. Orodha ya matangazo inachukua watu 256, na ujumbe unamfikia tu aliyehifadhi namba yako. Kwa hiyo mteja akimaliza kulipa, binti anamwomba kwa adabu, "Dada, tuhifadhi kwenye simu yako, kitenge kipya kikifika tukujulishe." Ujumbe wa kukaribisha nao hujituma kwa anayeandika mara ya kwanza au aliyekaa kimya siku 14, kwa hiyo uandike kama unavyomkaribisha mtu mlangoni. Majibu ya haraka tumeyawekea maswali yanayojirudia: jinsi ya kujipima nyumbani, basi la mzigo, na siku ngapi mshono unachukua.

Ningempa nyota tano mwenye duka la kushona, saluni au mapishi ya oda, yaani mtu ambaye kazi yake inaonekana kwa macho na ana mtu wa kushika simu saa za kazi. Anayeuza majora kwa jumla kwa wateja wale wale hataona tofauti kubwa. Canva ya kulipia isubiri hadi ile ya bure ianze kukubana. Sisi kwa sasa tunatenga sare kwa shule moja moja ndani ya katalogi, ili mzazi akifungua Januari akute sketi, shati na sweta za mtoto wake mahali pamoja, na vipimo vyake kwa inchi.