Tumbawe jipya: kupunguza taa au kuanzia chini ya tangi?

Tumbawe lililosafiri gizani hadi Kisumu likipigwa ghafla na mwanga mkali, mwani unaoishi ndani yake hulemewa, tumbawe huufukuza, nalo hupauka. Kwa hiyo lizoeshe polepole mwanga wa tangi lako la maji ya bahari, kwa njia moja kati ya hizi mbili.

Kupunguza taa kunafaa tangi lisilo na matumbawe mengine. Anza na asilimia 50 ya nguvu utakayotumia baadaye, kisha ongeza 5 hadi 10 kila wiki. Taa haina kidhibiti? Tandaza matabaka matatu ya wavu wa dirisha wa kuzuia mbu juu ya tangi, uondoe moja kila baada ya siku 5. Usiuache uguse taa. Angalia pia stima: ikikatika, baadhi ya taa hurudi na asilimia 100. (Jua la dirishani nalo halina kidhibiti, vuta pazia kwanza.)

Tangi likiwa na matumbawe ya zamani, kupunguza taa ni kuyanyima chakula. Hapo anzia chini. Weka jipya mchangani, pembeni mwa miale, bila gundi, ulipandishe sentimita 5 hadi 10 kila wiki. Huko juu mkondo wa maji mara nyingi ni mkali zaidi, kwa hiyo likijifunga baada ya kuhamishwa, usikimbilie kulaumu taa. Matumbawe ya uyoga, aina inayopenda mwanga hafifu, yaache chini kabisa.

Rangi ikififia, rudi hatua moja. Ikigeuka kahawia, mara nyingi mwanga hautoshi. Nyama ikichunika kuanzia shinani, achana na taa. Pima alkali na chumvi ya maji.