Mafuta ya moteri kwa Boxer inayopanda Kadutu: ninachonunua, na duka ninaponunua

Nina pikipiki moja ya kubeba abiria, Boxer 100, na mimi siiendeshi. Inaendeshwa na kijana wa Cimpunda ambaye kila jioni ananiletea hesabu kwenye meza yangu ya vitenge hapa soko la Kadutu, mjini Bukavu. Tulipatana hivi: esansi, yaani petroli, ni yake, mafuta ya moteri ni yangu, na ninayanunua mwenyewe. Ukimpa motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, pesa ya mafuta atatafuta ya bei ya chini kabisa, inayobaki anakula. Simlaumu. Moteri si yake.

Ninachonunua ni chupa ya lita moja iliyoandikwa 4T (ya moteri za mipigo minne), 20W-50, ya kawaida isiyo ya sintetiki, na nyuma yake kuna herufi JASO MA. Chapa hubadilika kufuatana na mzigo ulioingia mjini. Mara nyingi ni Total Hi-Perf, mara nyingine Shell Advance au Motul 3000. Kati ya hizo tatu sijaona tofauti ya kugombania. Herufi za nyuma ndizo ninazogombania.

Mwaka jana nilikwenda Walungu kwenye msiba, vidanji, yaani kumwaga mafuta ya zamani na kutia mapya, ikaangukia siku ambazo sipo. Niliporudi kijana alinijia na sura ya mtu aliyefiwa yeye. "Mama, nikipakia watu wawili toka Nyawera kupanda huku, moteri inalia lakini pikipiki haisongi." Fundi alikwisha kumtajia bei ya sahani mpya za klachi, ambreyaji kama tunavyosema hapa. Nikauliza kwanza mafuta gani yaliwekwa. Akaniletea chupa tupu: ilikuwa na picha ya gari, gari zuri jeupe linalokimbia barabara ya lami isiyo na shimo. Duka lililomuuzia silitaji. Tukamwaga yale, tukatia ya pikipiki, na kwa kuwa sahani zilikuwa bado zimelowa dawa ya zamani tukamwaga tena mapema kuliko kawaida. Klachi ikashika. Sahani mpya hatukununua.

Sababu yake si uchawi. Kwenye gari, mafuta ya moteri ni ya moteri. Gia zina mafuta yake. Kwenye Boxer, na karibu pikipiki zote za mamotari wetu, mafuta yale yale yanapita kwenye pistoni, yanazunguka kwenye gia, na yanalowesha sahani za klachi. Sahani hizo kazi yake ni kukamatana. Sasa mafuta mengi ya gari ya siku hizi, hasa yale mepesi kama 5W-30, yametiwa dawa ya kupunguza msuguano ili gari linywe esansi kidogo. Ikifika kwenye sahani, zinateleza. Wajapani ndio walioweka kipimo cha jambo hili mwaka 1998, kinaitwa JASO T 903. MA ni mafuta yanayoacha sahani zikamatane. MB yana msuguano mdogo, ni ya skuta za otomatiki ambazo klachi yake inakaa pakavu. Ukiona MA1 au MA2 usishtuke, ni MA iliyogawanywa, na MA2 ndiyo yenye mshiko mkubwa zaidi. Ukiona MB, rudisha chupa kwenye rafu hata kama bei inachekesha.

Mtu wa mji wa tambarare anaweza kuishi na mafuta mabaya miezi kadhaa bila kujua. Bukavu haina huruma hiyo. Hapa kila safari ni mlima: Nkafu, Funu, Karhale, matope ya mvua, abiria wawili na gunia la maharage katikati. Pikipiki inapanda kwa gia ya kwanza, moteri inazunguka sana na upepo ni kidogo, na Boxer haina kitu kingine cha kuipoza isipokuwa upepo huo. Mafuta yanapata moto, yanakuwa mepesi. Ndiyo maana ninabaki kwenye 50 ya nyuma: namba ile ya pili ndiyo inayosema mafuta yatakuwa mazito kiasi gani moteri ikiwa na moto. Ya kwanza, yenye W, ni habari ya baridi, na asubuhi ya Bukavu si baridi ya kumtisha mtu. 20 inatosha.

Sintetiki kamili nimeionja mara moja, kwa kushawishiwa. Gia ziliingia laini zaidi, hilo ni kweli, kijana mwenyewe alifurahi. Lakini faida kubwa ya sintetiki ni kukaa muda mrefu, na pikipiki ya kazi yenye vumbi na matope haya sitaki ikae na mafuta muda mrefu. Afadhali ya kawaida, inayomwagwa mapema.

Kuna na mafuta ya pipa, yanayopimwa kwenye chupa za maji pembeni ya makadhafi, wale wauza esansi wa barabarani. Mengine ni SAE 40 ya malori. Hayo hayatelezeshi klachi, lazima niseme ukweli, ila asubuhi ni mazito, kijana anapiga kiki mpaka jasho. Na mengine hakuna anayejua yametoka tumbo la gari gani. Wateja wanayapenda kwa rangi: yakiwa mekundu yanang'aa, wanasema haya ndiyo yenyewe. Rangi ni rangi tu, inatiwa kiwandani. Hata kule kuwa meusi baada ya siku chache si dalili kwamba yamekufa. Mafuta mazuri yana sabuni ndani yake, yanabeba masizi, lazima yachafuke.

Sasa duka. Liko njia ya kushuka kutoka Kadutu kuelekea Nyawera, chumba kimoja cha mbao, halina kibao. Mwenyewe ni mzee mpole, mgumu wa bei. Siku ya kwanza aliniwekea chupa mkononi akasema, "Mama, hii ni orijino."

"Papa, orijino wanasema wote. Nipe niisome mgongo."

Akacheka, akanipisha nisimame mlangoni penye mwanga. Mimi ninauza vitenge. Wax ya Hollande ninaisoma ukingoni kabla sijatazama ua lake, na chupa ninaigeuza vivyo hivyo. Namba ya kiwanda na tarehe zisifutike kwa kidole chenye mate. Karatasi isikae upande. Kizibo kifunguliwe mbele yangu, na chini yake kuwe na kile kifuniko chembamba cha rangi ya fedha kilichobanwa sawasawa, kisicho na gundi ya pembeni. Mzee huyu hanuni. Akiona nimesita analeta chupa nyingine. Hilo peke yake linanifanya nipite maduka matatu kabla ya kufika kwake.

Lita moja ninamlipa dola tano. Kuna wanaouza chini ya hapo. Hapunguzi, hata ukitaja shida zako zote, na noti ya dola yenye mkato mdogo kama ukucha anakurudishia bila maneno. Chenji anatoa kwa franka, kwa kiwango chake mwenyewe, na kiwango hicho hakijawahi kunifurahisha. Risiti hana. Kijana wake wa kufanya vidanji hapo nje ni mwepesi wa mkono kupita kiasi: alitaka kupima mafuta pikipiki ikiwa imeegemea mguu wa pembeni. Nikamwambia aisimamishe wima kwanza, maana ikiegea kipimo kinadanganya. Akatii, lakini kwa uso wa kunionyesha kwamba mimi ni mama wa vitenge.

Chupa tupu siiachi pale. Chupa safi na kizibo chake zina wanunuzi mjini, na kazi yao unaweza kuibashiri. Tunaipasua kwa kisu mbele ya wote. Mafuta machakavu kijana anayachukua kwenye bidoni, anapaka mbao za nyumba ya mama yake sababu ya mchwa. Ni bora kuliko kuyamwaga kwenye mfereji unaoshuka ziwani.

Kasoro yake kubwa: rondeli ya aluminiamu ya kizibo cha chini, ile inayozuia mafuta kuvuja, hana kamwe. Nunua kabla hujafika kwake. Jumapili hafungui.