Pikapu ya tundu la sauti au ya chini ya daraja?
Pikapu ni kifaa kinachonasa mlio wa nyuzi ili upelekwe kwenye spika. Ya sumaku hubanwa kwa skrubu kwenye ukingo wa tundu la sauti la gitaa, bila kuchonga mbao, na huweza kuondolewa wakati wowote. Ile ya piezo, inayohisi mgandamizo na kulazwa chini ya mfupa wa daraja (kipande chembamba kinachobeba nyuzi), hudai mfupa huo usawazishwe kwa uangalifu, kazi ambayo ningemwachia fundi. Kwa kuwa sumaku huhisi chuma pekee, nyuzi za nailoni haizisikii kabisa, na katika nyuzi zilizozungushiwa shaba huhisi kiini tu, hivyo uzi wa pili, ulio chuma kitupu, mara nyingi huwazidi wenzake kwa sauti. Piezo hukubali nyuzi zote, ingawa zikipigwa kwa nguvu sauti hukwaruza. Jukwaani penye spika kubwa ningechagua sumaku, kwani haivumi upesi sauti ya spika inapoirudia.