Indiketa za LED kwenye Probox yangu: rezista ziliunguza plastiki, flasha ndiyo iliyotuliza

Alfajiri Probox yangu inashuka soko la Mwaloni pale Kirumba, jijini Mwanza, kupakia dagaa, na kukipambazuka iko barabarani kuelekea Usagara na Misungwi kwa wateja. Siku moja, saa tisa mchana, nilikuwa nakata kulia kuingia Buhongwa. Indiketa nilishaiwasha kitambo. Bodaboda akanipita kuliani, amebeba mama mwenye mtoto mgongoni, akaponea chupuchupu. Akasimama mbele, akageuka: "Dada, hata indiketa huwashi?"

Ilikuwa inawaka. Nilishuka nikaenda nyuma ya gari, na kwa jua lile ilinibidi nikinge lenzi kwa kiganja ndipo nione. Yule mtoto alinikaa kichwani wiki nzima.

Kwanza nilisafisha lenzi nje na ndani, maana vumbi lilikuwa limeganda kwenye kioo kinachorudisha mwanga. Ilisaidia kidogo. Usiruke hatua hii, ni maji na kitambaa tu. Kisha nikanunua globu nne za LED kwa shilingi 40,000, za rangi ya chungwa. Muuzaji alitaka kunipa nyeupe akidai zinang'aa zaidi, nikakataa. Indiketa inatakiwa itoke rangi ya chungwa, na globu yenye rangi hiyo hiyo tangu ndani haipotezi mwanga mwingi kwenye lenzi kama nyeupe.

Kuzifunga ni kazi ya dakika ishirini. Moja haikuwaka kabisa, nikadhani nimeuziwa mbovu, kumbe LED inachagua chanya na hasi. Nikaichomoa, nikaigeuza, ikawaka.

Furaha ilidumu mpaka nilipoondoka. Tiki-tiki-tiki-tiki, kama cherehani. Nilihesabu kwa saa ya simu nikapata mara 160 kwa dakika. Kanuni za kimataifa za magari zinataka indiketa iwake kati ya mara 60 na 120. Ikizidi hapo, aliye nyuma yako haelewi unakata kona au gari limepata hitilafu.

Sababu yake nililazimika kuuliza mafundi watatu ndipo niielewe. Flasha, kile kidude kinachotoa mlio wa tik-tak chini ya dashibodi, inapima umeme unaopita kwenda kwenye globu. Globu za zamani ni za wati 21 kila moja, kwa hiyo mbili za upande mmoja zinavuta karibu ampea tatu na nusu. LED zinavuta sehemu ndogo tu ya hapo. Flasha ikiona umeme umepungua inaamini globu moja imeungua, basi inakimbia ili kumshtua dereva. Kwa hiyo haijaharibika. Inafanya kazi iliyotengenezewa, ila inadanganyika.

Fundi wa kwanza alinishauri rezista, kidude kinachovuta umeme wa ziada ili flasha idhani globu za zamani bado zipo. Aliniwekea mbili za nyuma, za omu 6 na wati 50, moja kila upande, akaunga kila moja kati ya waya wa indiketa na hasi. Shilingi 15,000 na ufundi 10,000. Indiketa ikatulia palepale nikamshukuru sana.

Wiki mbili baadaye pancha ilinipata karibu na Nyashishi huku mvua ikinyesha. Nikawasha hazadi, yaani indiketa zote kwa pamoja, nikasubiri msaada kama nusu saa. Harufu ya plastiki ikaanza kutoka nyuma. Nilipofungua nilikuta rezista imefungwa kwa vibanio vya plastiki kwenye kifuniko cha ndani cha taa, nacho kimeyeyuka mpaka kimejikunja. Nilipoigusa iliniunguza kidole.

Ukipiga hesabu si ajabu. Omu 6 kwa volti 12 ni ampea 2, yaani wati 24 zinazogeuka kuwa joto tupu. Injini ikiunguruma volti zinafika kama 14, na joto linapanda hadi wati 33 hivi. Ndiyo, inawaka nusu ya muda tu, na kwa kona ya sekunde kumi haiwahi kuchemka. Lakini kwa hazadi ya nusu saa, rezista inachemka. Mahali pake ni kwenye bodi ya chuma, kwa skrubu, mbali na waya na plastiki. Fundi yule alikuwa na haraka, na mimi sikujua cha kuuliza. Mzigo wangu ni dagaa wakavu kwenye magunia. Kila nikifikiria cheche kwenye magunia yale nasisimka.

Niling'oa zote mbili.

Fundi umeme wa pale Igoma, mzee mtaratibu, alikuja na dawa nyingine: "Mwanangu, usizibebeshe waya mzigo wa uongo. Badilisha anayehesabu, yaani flasha." Akachomoa flasha ya zamani, akahesabu miguu yake, minane, akanituma nitafute ya elektroniki ya LED yenye mpangilio uleule. Nililipa 30,000. Imechomekwa palepale, hakuna waya uliokatwa. Ina skrubu ndogo ya kupunguza au kuongeza kasi. Tuliiweka mara 85 kwa dakika. Sasa huu ni mwezi wa saba tangu tuifunge, na haijayumba hata kwa hazadi ya saa nzima.

Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa moyo wote, ila kuna mambo mawili. Flasha hii haitakuambia globu ikifa. Ile ya zamani ilikuwa inakimbia, hii inaendelea na mwendo wake kana kwamba yote ni mazima. Kwa hiyo kila Jumapili jioni narudi kinyumenyume hadi ukutani kwangu, nawasha kushoto, kulia, hazadi, natazama mwanga ukutani, kisha nazunguka mbele. Pili, si kila gari lina flasha ya kuchomoa. Magari mengi mapya kazi hiyo inafanywa na kompyuta ya gari. Na zipo flasha za miguu miwili zisizo na waya wa hasi, ambapo ya elektroniki itahitaji kuvutiwa waya huo. Mwambie fundi achomoe aangalie kabla hujatoa hela.

Mwanga wenyewe? LED inafika nguvu yake yote papo hapo, haina ule uvivu wa waya kupata moto kwanza. Juzi Buhongwa, saa tisa ileile, jua lileile, niliwasha kulia nikatazama kwenye kioo. Bodaboda watatu walikuwa nyuma yangu. Wote walipunguza mwendo, wakanipita kushoto.