Tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita: Tulivyompata Kaka Yake Babu

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoanzishwa mwaka 1917, inatoa kwenye tovuti yake huduma ya bure ya kutafuta askari waliofariki katika vita vikuu viwili. Kwa familia ya Afrika Mashariki ambayo mzee wao aliingia Keya, yaani jeshi la kikoloni la King's African Rifles, asirudi, sijaona pa kuanzia panapofaa zaidi, mradi mtafutaji awe na kitu zaidi ya jina.

Jina ndilo linalosumbua. Makarani wa jeshi waliandika majina yetu kwa jinsi walivyoyasikia, kwa hiyo ukiandika Juma utaletewa orodha ndefu isiyokusaidia, na ukiandika jina la kwenu kwa tahajia ya leo huenda usipate kitu. Nilipomtafuta kaka yake babu, kilichonifaa ni karatasi moja chakavu, iliyotunzwa sandukuni na bibi, yenye namba yake ya jeshi. Niliacha wazi nafasi ya jina, nikajaza namba hiyo pamoja na kikosi, King's African Rifles, na ukurasa wake ukafunguka: cheo, batalioni, tarehe ya kufariki, na sehemu ya Mnara wa Rangoon, huko Taukkyan nchini Myanmar, palipochongwa jina lake kwa kuwa kaburi lake halijulikani.

Tarehe ndiyo iliyokata shauri. Nyumbani tuliambiwa miaka yote kwamba alizama na meli Khedive Ismail, ambayo nyambizi ya Kijapani iliizamisha tarehe 12 Februari 1944 ikitoka Mombasa kwenda Colombo. Kumbe alifariki Oktoba mwaka huohuo, wakati Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikisonga mbele katika Bonde la Kabaw, hukohuko Myanmar, kuelekea mto Chindwin. Wazee wawili bado hawajakubali, na siwalaumu.

Maelezo ya tovuti ni ya Kiingereza, basi mzee asiyekijua atahitaji kijana wa kukaa naye. Vilevile huduma hii inahusu waliofariki tu, tena kati ya Agosti 1914 na Agosti 1921, au kati ya Septemba 1939 na Desemba 1947. Aliyerudi salama na kufia kwao baadaye hayumo.

Upungufu mkubwa ni wa Vita Vikuu vya Kwanza, hasa kwa wapagazi. Ripoti ya mwaka 2021, ambayo Tume yenyewe iliipokea na kuomba radhi, ilikadiria kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, pengine hawakukumbukwa kabisa. Kwa hiyo anayemtafuta mpagazi asikate tamaa akikosa jina, wala asidhani kwamba mzee wake hakwenda vitani. Aanzie kwa wazee wa ukoo, kisha aulize Nyaraka za Taifa za nchi yake.