Miezi 7 na traka ya nyota: uzoefu wangu wa kupiga picha nebula na galaksi

Kama una kamera yoyote ya kubadilisha lenzi na unatamani kuanza kupiga nebula (mawingu ya gesi na vumbi huko angani) na galaksi, acha kwanza kuwaza lenzi kubwa, acha kuwaza bodi mpya ya kamera, hela yako ipeleke kwenye traka. Mimi nilianza kwa lenzi, nikanunua mbili, na bado picha zilikuwa zilezile, ndo maana naandika hii kwa urefu ili mwingine asipite nilikopita.

Traka ni kimota kidogo unakifunga juu ya tripodi halafu kamera inakaa juu yake. Kazi yake ni moja tu, kuzunguka polepole mara moja kwa saa 23 dakika 56 na sekunde 4, ambao ndo muda dunia inatumia kujizungusha ukiipima kwa nyota badala ya jua. Anga linahama nyuzi 15 kila saa, kwa macho huoni ila lenzi inaona mapema sana. Kamera yangu ni ya sensa ya kropu, yaani ndogo kuliko ile ya ukubwa kamili, na lenzi ninayoipenda ni 135mm. Kuna ile kanuni ya 500 watu wanaifundisha, unagawa 500 kwa urefu wa lenzi, kwa sensa kama yangu unazidisha lenzi kwa 1.5 kwanza, unapata sekunde 2 na nusu hivi za kuacha lenzi wazi kabla nyota hazijavutika. Kiukweli hata hizo ni nyingi, ukizumu unakuta nyota ni vijiti, mi nilikuwa naishia sekunde 1. Sasa fikiria galaksi ya Andromeda iko umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5, mwanga umesafiri muda wote huo umefika kwenye lenzi yako na wewe unaufungulia mlango sekunde moja unafunga.

Usiku wa kwanza traka ilipokubali nilielekeza Orion, wengine wanaita Jabari, pale kwenye upanga chini ya zile nyota tatu za mkanda. Ekspoja sekunde 60, ISO 800, f/2.8. Picha ilipotokea kwenye skrini nilikaa kimya. Wingu limefunguka kama ua, rangi ya waridi pembeni, katikati jeupe kabisa limeungua kwa mwanga, na nyota zote ni nukta za duara. Hiyo ni fremu moja tu kutoka kwenye kamera bila kuihariri chochote. Toka siku hiyo sijawahi kujuta.

Sasa tuje kwenye kitakachokutoa jasho, nacho ni kuiseti traka kwenye ncha ya anga, ile nukta ambayo nyota zote zinaonekana kuizunguka. Inazunguka kwenye mhimili mmoja tu, na huo mhimili lazima uwe sambamba na mhimili wa dunia, ukikosea nyota zinateleza hata mota ikiwa nzima. Walio kaskazini wana nafuu, wana Polaris ambayo haijafika hata nyuzi 1 kutoka kwenye ncha, unaitazama kwenye kile kidarubini kilichomo ndani ya traka, unaiweka kwenye kimduara pale app ya simu inapokuonyesha, basi. Kusini kuna Sigma Octantis, hafifu mno, kwa macho unaiona kwa shida hata penye giza zuri, kwa hiyo kwenye kidarubini unatafuta kile kiumbo cha nyota nne za kundi la Octans unakilinganisha na mchoro. Na aliye karibu na ikweta ndo mwenye kazi zaidi, maana ncha inapanda juu ya upeo wa macho kwa nyuzi sawasawa na latitudo yako, latitudo ikiwa ndogo ncha iko huko chini kwenye miti na ukungu, huioni kabisa.

Kilichonisaidia mimi ni kuacha kung'ang'ania kuona nyota ya ncha. Naiweka tripodi sawa kwa pimamaji, napima mwinuko kwa simu mpaka namba ilingane na latitudo, natafuta kaskazini halisi kwa dira, na hapa sikia vizuri, dira inaonyesha kaskazini ya sumaku sio ile halisi, tofauti inabadilika kutoka sehemu na sehemu kwa hiyo iangalie ya kwako uirekebishe, na usiweke simu karibu na chuma cha tripodi inadanganya. Hapo kwa 135mm sekunde 30 unapata. Ukiwa na laptopu, NINA ni programu ya bure na ina plagini ya pointi tatu, inapiga picha sehemu tatu za anga, inatambua nyota zilizomo, inakuambia mhimili wako umekosea kiasi gani na usogeze upande gani, haihitaji kuiona ncha. Siku nilipoijaribu nilitoka kwenye nusu saa ya kuhangaika hadi dakika 10.

Lawama yangu moja kwa traka yenyewe ni kwamba kidarubini chake kilikuja kikiwa hakijakaa katikati. Siku 5 za mwanzo niliseti vizuri kabisa na nyota bado zinateleza, nikadhani sijui kutumia. Kujua ni rahisi, mchana lenga ncha ya antena iliyo mbali, weka msalaba juu yake, zungusha mhimili nusu mzunguko, msalaba ukihama basi kuna vile viskrubu vitatu vidogo, unavirekebisha taratibu. Fanya hivyo mchana kabla hujatoka usiku hata mara moja, nasisitiza.

Jingine ni swichi ya kaskazini na kusini. Ikikaa upande usio wako traka inazunguka kinyume na anga, na mistari ya nyota inakuwa mirefu mara mbili ya ambayo ungepata traka ikiwa imezimwa. Ukiona hivyo usikimbilie kuseti upya, angalia swichi kwanza. Pia kuna modi ya jua, ya mwezi na ya nusu spidi, hakikisha uko kwenye ya nyota.

Uzito wameandika inabeba kilo 5. Mimi nasema ihesabu nusu yake. Kamera na 135mm inabeba bila shida, sekunde 60 karibu fremu zote nzuri, 120 inategemea na nimeseti vipi. Nilipoweka 300mm hali ikabadilika, gia za ndani hazizunguki kwa usawa kamili, kuna kupungua na kuongezeka kidogo kunakojirudia kila dakika kadhaa, na kwa 300mm unaona. Nikashusha hadi sekunde 30 na bado natupa kama theluthi ya fremu. Kwa kifaa cha ukubwa huu naona ni haki, ila usinunue ukiwa na ndoto ya 600mm. Upande wa mashariki uache uwe mzito kidogo tu, gia zinashikana vizuri hazichezi.

Watu wakiona picha wanauliza umetumia kamera gani, wakati kilichofanya kazi ni muda. Fremu moja ina noizi nyingi, ukiziunganisha nyingi mwanga wa kweli unajirudia palepale na noizi inajifuta yenyewe kwa sababu haina mpangilio. Ila inapungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya fremu, yaani ukitaka picha iwe safi mara mbili unahitaji muda mara nne, saa 1 iwe saa 4. Kwa hiyo usiku mmoja ukipata fremu 90 za sekunde 60 hiyo ni saa 1 na nusu, zihifadhi, usiku mwingine ongeza kitu hichohicho. Mi nilikuwa narukaruka, leo Orion kesho Kilimia, kila kitu nusunusu. Nilipokaa na kimoja usiku mitatu ndo nikaanza kuona vumbi pembeni ya nebula.

Kuna na fremu za msaada ambazo wengi wanazidharau. Za giza, unafunga kifuniko cha lenzi unapiga 20 kwa muda uleule, ISO ileile na joto lilelile, zinaondoa alama za joto la sensa. Za mwanga sawa, unatandaza fulana nyeupe mbele ya lenzi unaelekeza anga la alfajiri bila kugusa fokasi, zinafuta weusi wa kona na madoa ya vumbi. Usiziache hizi, bila hizo ukivuta mwangaza wa picha kona zote zinaharibika. Kuunganisha natumia Siril, programu ya bure, inafanya kila kitu mpaka kuvuta mwangaza. DeepSkyStacker pia ni ya bure na nyepesi kuanza nayo kwa wenye Windows. Piga RAW tu, yaani faili ghafi la kamera, JPEG sahau.

Fokasi ni ya mkono, zumu kwenye nyota angavu moja mpaka iwe ndogo kuliko zote, halafu bandika selotepu kwenye pete ya lenzi isisogee. Zima kitulizi cha mtikisiko cha lenzi, kikiwa juu ya tripodi kinaleta mtikisiko chenyewe. Na umande, niliwahi kupoteza saa 2 nzima kioo kimeloa sijui, sasa nafunga kamkanda ka joto ka USB kwenye pawabenki na shida imeisha.

Kuhusu cha kupiga, anza na Orion, Kilimia, Andromeda, na kama kusini inaonekana vizuri kwako usikose Omega Centauri, mkusanyiko wa nyota kama milioni 10 kwenye kidonge kimoja. Kilimia kuna ule ukungu wa bluu, ni vumbi linaakisi mwanga wa nyota zenyewe, kwenye 135mm unatoka baada ya saa 1 hivi. Nebula nyekundu za haidrojeni zilizo hafifu kuliko ya Orion ziache kwanza, zinawaka kwenye nanomita 656 na kamera ya kawaida ina kichujio mbele ya sensa kinachokata sehemu kubwa ya rangi hiyo, utaumia bure. Na toka siku ambazo mwezi haupo, mwezi mpevu unameza kila kitu hafifu.

Nikiipa alama ni 8 kati ya 10, mbili nimekata kwa ajili ya kile kidarubini na maelezo ya kwenye boksi ambayo hayasemi lolote kuhusu kukirekebisha. Mwezi uliopita nimemaliza Andromeda, saa 5 na dakika 20 kwa 135mm, na kwenye picha zipo zile galaksi mbili ndogo za pembeni, M32 na M110, na mistari myeusi ya vumbi inazunguka katikati. Nimeiprinti iko ukutani. Mwezi ukiondoka angani narudi kwa Orion, safari hii naongeza fremu fupi za sekunde 5 nizichanganye na zile ndefu ili pale katikati palipoungua nyota nne za Trapezium zionekane.