Glovu za kipa kwenye mchanga wa Mtwara: fungu lote lisiishie kwa jozi moja

Fungu la vifaa la timu ya mtaani huliwa na jezi na mipira, kipa anabakiziwa kidogo. Tuseme ni shilingi 60,000 na hakuna nyongeza. Mwenye duka atakuwekea mezani aina mbili: za kiganja laini na za kiganja kigumu. Laini ndizo zinazotamanisha, lakini kwa viwanja vyetu ngumu ndizo za kununua kwanza.

Laini ni tamu kweli. Lateksi yake, yaani utando unaonata wa kiganjani, ina unene wa karibu milimita 4, na krosi ya nguvu inatulia mkononi bila kuikumbatia kifuani. Kinachoziua ni mchanga. Kipa akishadaka chini hujiinua kwa kukandamiza kiganja ardhini, na chembe zinakwangua ule utando unaonata. Angalia glovu iliyochoka: inaanza kutoboka pale chini ya kiganja, karibu na kifundo, wakati vidole bado vizima. Msimu wa kusi, uwanja ukiwa mkavu, jozi laini ya kufanyia mazoezi kila siku haifiki mbali. Kipa azoee kujiinua kwa ngumi.

Ngumu zinanata kidogo tu, ila zinavumilia. Hizo ziwe za mazoezi na mechi za vumbi. Pesa ikibaki, ongeza laini za mechi peke yake, hasa kama mnapata kucheza kwenye nyasi za uwanja wa Nangwanda Sijaona. Isipobaki, cheza na ngumu na ulowanishe viganja kwa maji kabla ya kuingia golini, maana lateksi kavu yenye vumbi inateleza.

Kuna aina ya tatu, yenye kiganja cha plastiki inayong'aa. Hiyo iache hata kwa bei ya kutupa. Mvua ikinyesha mpira unapita kama sabuni.

Za mtumba zinaweza kukuokoa, mradi uzikague. Sugua kiganja kwa dole gumba: kikitoa unga, lateksi imekufa. Vuta mshono kati ya vidole. Zenye vijiti vya kulinda vidole, vikunje kwa nyuma. Vikikubali kupinda, havilindi kitu.

Namba inapimwa kwa futi ya fundi cherehani. Zungusha kiganja mahali kilipo kipana, bila dole gumba, kisha ongeza inchi 1. Kiganja cha inchi 8 kinavaa namba 9. Ikibana, mishono ya vidole ndiyo inaachia kwanza.

Baada ya mchezo, osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo isiyo kali, kamua kwa kubonyeza bila kusokota, anika kivulini. Jua linakausha lateksi mpaka inapasuka. Na usizifungie mbichi kwenye mfuko wa plastiki huku viganja vimekutana: vitagandana, na ukivitenganisha lateksi inabanduka vipande vipande.